Kodi mbili kwa wakati mmoja: gumzo la majirani wa Barking, London

Mama Nasra: Assalaam aleikum majirani. Tumepata nyumba ya shirika la nyumba, vyumba viwili, £130 kwa wiki. Kusaini ni Jumatano 27 Mei, mkataba unaanza Jumatatu 1 Juni. Hapa tulipo tunamlipa mwenye nyumba £1,000 kila tarehe 1, na kwenye Universal Credit (UC, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) sehemu ya kodi ni £850. Notisi bado hatujatoa. Je, UC italipa nyumba zote mbili mpaka notisi iishe?

Dada Rehema: Waaleikum salaam, hongereni sana! Kwa bahati mbaya hapana. UC hulipa kodi ya nyumba moja. Wanaoruhusiwa mbili ni wachache: aliyekimbia ukatili au anayeuhofia nyumbani na anakusudia kurudi, familia kubwa ambayo kaunsili (serikali ya mtaa) au shirika limeiweka katika nyumba mbili, na mwenye ulemavu anayesubiri nyumba mpya irekebishwe kwa ajili yake, huyu kwa mwezi mmoja tu. Notisi ya nyumba ya zamani haimo.

Dada Rehema: Pesa zenu huingia tarehe ngapi?

Mama Nasra: Tarehe 12.

Dada Rehema: Basi mwezi wenu wa UC unaanza tarehe 6 na kufungwa tarehe 5, kwa sababu malipo huja siku 7 baada ya mwezi kufungwa. Shika sana tarehe hizi mbili. UC haigawi kodi kwa siku. Inatazama mwezi unapofungwa mnaishi wapi, na kodi ya nyumba hiyo ndiyo inayohesabiwa kwa mwezi mzima, hata kama mmelala humo siku mbili.

Kaka Hamisi: Hapa ndipo watu wanapoumia. Wanapewa ufunguo Jumatatu, Jumatano wameshahamia, hawajaangalia kalenda.

Dada Rehema: Tupige hesabu. £130 mara wiki 52, gawa kwa 12, ni £563.33 kwa mwezi.

Mkihamia Jumatano 3 Juni: tarehe 12 Juni mtapata £563.33 ya nyumba mpya kwa mwezi wote wa 6 Mei hadi 5 Juni. Ile £850 haipo tena.

Mkihamia Jumamosi 6 Juni: tarehe 12 Juni mtapata £850 ya nyumba ya zamani kama kawaida, kisha Julai £563.33.

Tofauti ni £286.67, kwa siku tatu tu.

Mama Nasra: Kwa hiyo niwaambie tumehamia tarehe 6?

Dada Rehema: Hapana, mpenzi. HAMIENI tarehe 6. Tarehe utakayoandika iwe ile mliyolala kweli nyumba mpya. Kusaini na kuchukua ufunguo si kuhamia. Mnaweza kwenda kupaka rangi na kutandika zulia, lakini kama vitanda, watoto na vyakula viko nyumba ya zamani, bado mnaishi huko. Kuandika tarehe ya uongo kunaleta deni la kurudisha pesa na mashaka ya udanganyifu. Haifai kabisa.

Bi Zuhura: Na kinyume chake? Kodi ya nyumba mpya ikiwa kubwa kuliko ya zamani?

Dada Rehema: Shikamoo Bi Zuhura. Basi hesabu inageuka: afadhali kuhamia kabla mwezi haujafungwa, maana kodi kubwa italipwa kwa mwezi mzima. Ndiyo maana hakuna jibu moja la kila mtu. Weka kodi mbili kando kwa kando, kisha tazama tarehe yako.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu, nimefahamu.

Baba Yusra: Nimesoma yote. Rehema amemaliza upande wa UC, lakini £286 ni ndogo. Pesa kubwa iko kwenye notisi. Tangu 1 Mei 2026, kwa sheria mpya ya wapangaji England, mpangaji wa mtu binafsi anatoa notisi ya miezi miwili, na lazima iishie mwisho wa kipindi cha kodi. Nyinyi mnalipa tarehe 1, kwa hiyo kipindi kinaisha siku ya mwisho ya mwezi.

Notisi ikifika kabla ya Mei kwisha, inaishia 31 Julai. Mkiichelewesha hadi 1 Juni, inasogea mpaka 31 Agosti. Siku moja, £1,000.

Mama Nasra: Subhanallah. Niitume leo basi?

Baba Yusra: Usiitume kabla ya kusaini. Ofa ya nyumba inaweza kuondolewa: karatasi zimepungua, ukaguzi umekuta unyevu, au mpangaji wa zamani hajatoka. Ukishatoa notisi, kuifuta kunahitaji mwenye nyumba akubali, na aliyejitoa mwenyewe anaweza kuambiwa na kaunsili kwamba amejitakia kukosa makazi. Saini Jumatano mchana, Jumatano hiyohiyo jioni tuma notisi. Kwa maandishi, barua pepe inatosha, na utunze nakala.

Baba Yusra: Soma pia mkataba wenu wa sasa. Muda mfupi kuliko miezi miwili unakubalika kama mwenye nyumba ameukubali kwa maandishi, ndani ya mkataba au kwenye karatasi nyingine. Mikataba mingi ya zamani imeandika mwezi mmoja.

Kaka Hamisi: Na hata kama haikuandikwa, mwombe. Mwenye nyumba wengi wanakubali wakiona faida. Mwambie utamruhusu kuleta wapangaji wapya kuitazama tangu wiki ya kwanza ya Juni, nyumba itakuwa safi na tupu tarehe fulani.

Baba Yusra: Sawa kabisa. Akikubali, msiishie kwenye simu. Iandikwe: mkataba unakwisha tarehe fulani, hakuna kodi baada ya hapo, amana itarudishwa vipi. Kama jina la baba Nasra limo kwenye mkataba, naye akubali kwa maandishi. Ufunguo mpeni mkononi, awaandikie risiti. Kuudondosha kwenye tundu la barua na kuondoka hakumalizi mkataba, kodi inaendelea kuhesabika.

Mama Nasra: Tunaweza kumwambia achukue amana badala ya kodi ya mwisho?

Baba Yusra: Akikubali kwa maandishi, ndiyo. Msiamue wenyewe. Kwa kodi yenu amana haizidi wiki 5, yaani kama £1,153, kwa hiyo inaweza kufunika mwezi mmoja kama hakuna uharibifu. Lakini mkisimamisha kodi bila makubaliano, hilo ni deni.

Dada Rehema: Kabla ya Jumatano, lipigieni simu shirika mkaombe mkataba uanze Jumatatu 8 Juni badala ya 1 Juni. Mkihamia tarehe 6 wakati mkataba umeanza tarehe 1, kodi ya tarehe 1 hadi 5 haina UC.

Baba Yusra: Lakini mkataba ukianza tarehe 8, kuhamia ni tarehe 8 au baadaye, si 6. Kwa UC hakuna hasara, bado mko ndani ya mwezi uleule wa 6 Juni hadi 5 Julai. Ombeni kabla karatasi hazijachapwa. Shirika halipendi nyumba ikae tupu, kwa hiyo toeni sababu za kweli: notisi, na sakafu isiyo na zulia. Wengine wanatoa wiki moja bila kodi au vocha ya rangi, wengine hawatoi. Kuuliza hakuna gharama. Ulizeni pia wanataka kodi ya mbele kiasi gani siku ya kusaini, wiki moja au nne.

Kaka Hamisi: Kwenye fomu ya UC, kodi ikiwa ya wiki iandike hivyohivyo, £130 kwa wiki. Kuna watu wanazidisha kwa 4 na kuandika £520 kwa mwezi. Wanapoteza £43.33 kila mwezi, na shirika litawadai mwisho wa mwaka.

Dada Rehema: Asante Hamisi. Na kama ndani ya hiyo £130 kuna maji au joto la nyumbani, UC hailipi sehemu hiyo. Waombe shirika karatasi ya mchanganuo: kodi kiasi gani, huduma kiasi gani. Mama Nasra, watoto ni wawili?

Mama Nasra: Msichana miaka 7, mvulana miaka 4.

Dada Rehema: Chini ya miaka 10 wanahesabiwa chumba kimoja hata wakiwa mvulana na msichana. Vyumba viwili ni sawa kwenu. Vingekuwa vitatu, 14% ya kodi ingekatwa.

Mama Nasra: Sawa. Sasa hiyo kodi ya zamani inayobaki, nani atatusaidia?

Baba Yusra: Kaunsili. Wengi bado tunauita msaada huu DHP (Discretionary Housing Payment, nyongeza ya kodi ya nyumba kutoka kaunsili). England, tangu Aprili 2026, umeingizwa ndani ya mfuko uitwao Crisis and Resilience Fund, lakini mlango wa kuombea ni ule ule wa kaunsili. Si haki ya moja kwa moja, wao ndio wanaamua na fungu lina mwisho, kwa hiyo ombeni mapema, wiki hiyohiyo ya kusaini.

Ombi lenye nguvu lina tarehe. Wapelekeeni barua ya ofa, mkataba mpya, mkataba wa zamani, notisi, barua pepe ya kumwomba mwenye nyumba awaachilie mapema na jibu lake, na taarifa za benki. Kisha andikeni hesabu: UC italipa nyumba ya zamani mpaka 5 Juni, kuanzia 6 hadi 30 Juni ni siku 25, £833.33, Julai £1,000, jumla £1,833.33. Akiwaachilia 30 Juni, ombeni £833.33 tu. Ofisa akiona mmejaribu kupunguza, kazi yake inakuwa rahisi.

Baba Yusra: Wakikataa, ombeni wapitie upya uamuzi. Hakuna rufaa ya mahakama kwa msaada huu. Kwa UC ni tofauti: mna mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe tena, kisha mahakama ya rufaa ya mafao.

Bi Zuhura: Na sisi wazee tulio kwenye Pension Credit (nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo), kodi yetu ikilipwa na Housing Benefit, ule msaada wa kodi ya nyumba unaotoka kaunsili?

Dada Rehema: Nyinyi mna nafuu, Bi Zuhura. Housing Benefit inaweza kulipa nyumba mbili hadi wiki 4, mradi mzee ameshahamia nyumba mpya na hakuweza kuepuka kodi mbili. Haiji yenyewe, lazima iombwe kwa maandishi, na ieleze ofa ilikuja lini, walimpa siku ngapi, notisi inaisha lini. Aliye na mume au mke ambaye hajafika umri wa pensheni aulize kwanza, maana ombi jipya mara nyingi linampeleka UC.

Kaka Hamisi: Council Tax, ushuru wa kaunsili, msisahau. Punguzo lake halimo ndani ya UC, linaombwa kaunsili, na linafuata nyumba mnayoishi. Wapeni tarehe za nyumba zote mbili. Na pigeni picha mita za umeme na gesi siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Mama Nasra: Zulia na jiko tutavitoa wapi, maana huko hakuna kitu.

Dada Rehema: Muulizeni kaunsili katika ombi hilohilo. Budgeting Advance ya UC kwa wenye watoto inafika hadi £812, lakini ni mkopo, unakatwa kila mwezi hadi miezi 24. Usiuchukue kulipia kodi ambayo kaunsili ingeweza kulipa.

Mama Nasra: Nimeandika yote. Siku ya kuhamia nifanye nini kwenye akaunti ya UC?

Dada Rehema: Siku hiyohiyo, ingia sehemu ya kuripoti mabadiliko, chagua mahali unapoishi na gharama zake, weka anwani mpya, tarehe mliyohamia, £130 kwa wiki na jina la shirika. Usiripoti kabla ya kuhamia, kodi ya zamani itakatika. Usivuke 5 Julai, mwezi huo wa kodi mpya unaweza kupotea. Halafu tazama kazi zinazokusubiri kwenye akaunti na uzimalize, maana shirika nalo litaulizwa kuthibitisha. Kama wanataka walipwe moja kwa moja na UC, fuatilia akaunti yako ya kodi kwao; ikizidi, omba ziada irudishwe kwako ulipe nyumba ya zamani.