Santuri inaweza kupatanisha mataifa hasimu? Mimi nasema hapana, nipingeni

Wadau, baridi ya Uyole imenifungia ndani na redio, nimekuja na ubishi. Kila wakisema muziki wa klasiki uliorekodiwa ni daraja kati ya mahasimu, mfano ni uleule: Van Cliburn, mpiga piano Mmarekani wa miaka 23, alivyoshinda shindano la kwanza la Tchaikovsky, lenye jina la mtunzi wa Kirusi, Moscow, Aprili 1958. Sputnik, setilaiti ya Wasovieti, mahasimu wa Marekani, ilikuwa imeruka miezi sita tu nyuma. Kiongozi wa okestra wa Kisovieti, Kirill Kondrashin, akamfuata New York wakarekodi konsato ya kwanza ya piano ya Tchaikovsky, santuri ya kwanza ya klasiki kuuza nakala milioni.

Haya. 1961 ukuta ukajengwa Berlin, 1962 makombora ya Wasovieti yakapelekwa Cuba. Hiyo santuri ilikuwa wapi? Kwangu mimi Wamarekani walinunua ushindi wa mtoto wao. Walimpokea kwa gwaride la kumwagiwa makaratasi barabarani, kama askari aliyetoka vitani. Hilo ni kombe, siyo daraja.

Wa Kyela: Mkuu, umeangalia wanunuzi ukawasahau waliokuwa ukumbini Moscow. Wao walishangilia kombe gani? Mshindi alikuwa mtoto wa adui! Huku kwetu, 2012 mzozo wa mpaka wa Ziwa Nyasa na Malawi ulipopamba moto, mimi dukani nilikuwa napiga kwaya za Karonga, ng'ambo Malawi, kutwa. Hakuna aliyeniambia zima.

Wa Iringa: Ndugu yangu, Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Malawi wanaelewana hata bila redio. Kwaya zako ziliwakuta watu wameshavuka. Twende kwa wasiojuana. Februari 2008 okestra ya New York Philharmonic ilipiga Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, ikarushwa kwenye televisheni, wakamaliza na Arirang, wimbo wa Wakorea wote, ukumbi ukawapungia mikono. Mei 2009 Korea Kaskazini ikalipua tena bomu la nyuklia la majaribio.

Mwanzisha mada: Wa Kyela, la Moscow nakupa, sina jibu. Na Kondrashin mwenyewe 1978 alienda Uholanzi kupiga muziki, akaomba hifadhi hukohuko, kwa hiyo huenda hizi safari zinamgusa mtu mmojammoja, serikali haziguswi. Ila niambie ukweli: ule mwaka 2012 wateja wa Malawi walikuwa bado wanavuka mpaka pale Kasumulu, au kwaya ulikuwa unajipigia mwenyewe?

Wa Kyela: Walivuka. Mmoja ana deni langu la sukari mpaka leo.