Waandaaji wa matembezi ya vilima, acheni kutudanganya!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Tangazo lilisema: vilima viwili nje kidogo ya jiji, mita 350 tu, matembezi mepesi, masaa mawili mmerudi. Nikajiandikisha na mama yangu mdogo. Masaa mawili yalipotimia ndio kwanza tulikuwa tumerudi kwenye bonde la katikati, chupa za maji tupu, magoti ya mama mdogo yanatetemeka, na njia ya kwenda kwenye gari inapita juu ya kilima kilekile cha kwanza!

Uongo upo hapo. Mita 350 ni kimo cha kilele kirefu, basi. Miguu inahesabu kila kupanda. Kilima cha kwanza mita 300. Unashuka 200, unapanda 250 za kilima cha pili, halafu wakati wa kurudi unazipanda tena zile 200. Jumla 750, zaidi ya mara mbili ya walichotangaza. Kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa matembezi ya milimani ipo tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ni kilomita 8. Pigeni hesabu, inakaribia masaa matatu, tena kwa mtu mwenye mazoezi na asiyepumzika. Waandaaji hawakuweza kupiga hesabu hiyo?

Halafu kiongozi anapiga kelele, "Sasa ni mteremko tu, kazi imeisha!" Imeisha wapi? Kwenye mteremko mkali msuli wa paja ndio breki, unajikaza huku unavutwa, na maumivu yake huja kesho yake na keshokutwa. Mama mdogo alishuka ngazi kinyumenyume siku mbili nzima.

Tena kiongozi huyo alitukatisha moja kwa moja chini, akiacha njia ya kupinda iliyochongwa makusudi kupunguza ukali. Nyasi zimekwisha pale, mvua ikinyesha maji yatafuata mkato huo na kubeba udongo wote.

Tunachodai si kikubwa. Andikeni jumla ya mita za kupanda. Semeni wazi kwamba aliyechoka ageuke kwenye kilele cha kwanza, kwa sababu akishaingia bondeni hana njia rahisi ya kutoka.

Nimewaandikia mara tatu, kimya. Leo wametangaza safari nyingine, vilima vilevile, na bado wameandika mita 350.