Mkataba wa zamani umeisha, mpya haujasainiwa: nyongeza ya ngazi iendelee au isimame?

Mtoa mada

Wakuu, mkataba wa hali bora (makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) ukifika mwisho huku mpya ungali mezani, mfanyakazi ambaye tarehe yake ya kupanda ngazi imewadia apandishwe au asubiri? Waajiri wengi husema asubiri, kwa kuwa ngazi zilikuwa za mkataba uliokwisha. Mimi nasema apandishwe, na nyongeza hiyo isifanywe karata ya majadiliano.

Ngazi si zawadi. Mtu huajiriwa kwa mshahara wa chini wa daraja lake kwa ahadi kwamba atapanda mwaka hadi mwaka mpaka afike kilele. Ameshafanya kazi mwaka mzima akiitegemea ahadi hiyo. Ukimzuilia, umemnyima ujira ambao ameshautolea jasho.

Tazameni hasara inavyoingia. Wawili wameajiriwa mwaka mmoja kwa kazi moja, mmoja Februari, mwingine Agosti. Mkataba unaisha Juni. Wa Februari ameshafika ngazi ya nne, wa Agosti amekwama ya tatu. Majadiliano yanavuka mwaka, kisha linakuja jedwali jipya la mishahara na kila mtu anawekwa kwenye ngazi "inayolingana na mshahara wake wa sasa". Maneno yanasomeka vizuri, lakini ndiyo yanayomfunga wa Agosti: pengo la miezi sita limegeuka pengo la ngazi nzima, na litamfuata kila mwaka mpaka mwenzake afike kileleni na kumsubiri huko. Malipo ya saa za ziada yanakokotolewa kwa mshahara huohuo, na mchango wa pensheni vilevile. Malimbikizo yakija kulipa ongezeko la jumla, yaani lile la wafanyakazi wote, peke yake, ngazi iliyorukwa hairudi.

Wapo waliolitungia sheria. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1962, katika shauri la Katz, kwamba mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi peke yake wakati majadiliano yanaendelea amekiuka wajibu wake wa kujadiliana. Jimbo la New York likaongeza mwaka 1982: mwajiri wa umma aendelee kutekeleza masharti yote ya mkataba uliokwisha, ngazi zikiwemo, hadi mpya upatikane.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Mtoa mada, heshima kwako. Nimeandaa bajeti za mishahara upande wa mwajiri, kwa hiyo naomba nipinge.

Ngazi zikijiendesha zenyewe, gharama inapanda kabla hatujafungua midomo. Fungu ni moja. Kinacholipa ngazi kinapungua kwenye ongezeko la jumla, na anayeumia ni yule aliyefika kileleni zamani, kwa kuwa hana ngazi ya kupanda. Hao ndio wakongwe wenu. Pia chama ambacho nusu ya wanachama wake wanaendelea kupanda kitakuwa na haraka gani ya kusaini? Serikali za mitaa huko New York zimelalamikia sheria hiyo kwa sababu hizohizo.

Mchangiaji wa 3

Mnamtazama mwajiri tu. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi, na malalamiko mengi ninayopokea kipindi hiki yanakielekea chama chetu wenyewe.

Kumbukeni Uingereza mwaka 2018, mkataba mpya wa mishahara wa huduma ya afya ya umma ulipopunguza idadi ya ngazi. Chama cha wauguzi, Royal College of Nursing, kiliwaambia wanachama watapata angalau asilimia 3 mara moja. Mshahara wa Julai ulipotoka, wengi ambao hawajafika kilele cha daraja walikuta asilimia 1.5, na kilichobaki kinasubiri tarehe zao za kupanda ngazi. Katibu mkuu aliomba radhi na kuachia kiti, na Septemba wanachama wakapiga kura ya kutokuwa na imani na baraza. Fedha zilikuwepo kwenye mkataba. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kila mwanachama atalipwa nini, mwezi gani.

Mtoa mada

Mchangiaji wa 3, hilo lingekuwa sharti kabla ya kura ya kuukubali mkataba: kila mwanachama apewe karatasi yenye ngazi yake ya sasa, ngazi atakayowekwa, tarehe yake, na mshahara wake mwezi kwa mwezi hadi mwaka wa kwanza uishe. Asilimia ya jumla kwenye tangazo haimwambii mtu chochote kuhusu mfuko wake.

Mchangiaji wa 2, hoja ya wakongwe ni nzito, na naikubali kama sababu ya kupigania ongezeko la jumla kwa nguvu zaidi. Haiwi sababu ya kumkata kijana. Kuhusu haraka: ongezeko la jumla linabaki limesimama wakati bei zinapanda, na hilo linawauma wote, wa chini na wa kileleni. Tena sheria hiyohiyo ya New York humwondolea mwajiri wajibu huo chama kikigoma, kwa hiyo chama nacho kina cha kupoteza.

Ila kuna jambo naomba unijibu kama mtu wa bajeti. Idadi ya watu wenu mliijua, ngazi ya kila mmoja mliijua, tarehe zao zimo kwenye mafaili. Ulipopanga makadirio ya mwaka ule mkataba ulipoisha, gharama ya ngazi hizo uliiweka au hukuiweka? Kama uliiweka, fedha hiyo ilikwenda wapi?