Mrejesho: utepe mweusi kwenye picha za studio

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini picha zangu za studio zilikuwa zikitoka na utepe mweusi upande mmoja, nanyi mkanishauri nihudhurie warsha ya vitendo badala ya kuendelea kutazama video. Nimehudhuria kwa siku mbili.

Chanzo kilikuwa kasi ya shata, yaani kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga: nilikuwa nikipiga kwa 1/500 ya sekunde, ilhali kamera nyingi huenda sambamba na flashi hadi 1/200 au 1/250 tu, kwa kuwa zaidi ya hapo mapazia ya shata hayafunguki yote kwa wakati mmoja, na sehemu iliyofunikwa hutoka nyeusi. Jambo la dakika moja, na lilininyima usingizi!

Lililonifaa zaidi ni umbali wa taa. Mwavuli wa studio, ule unaotawanya mwanga wa flashi, ukisogezwa kutoka mita 2 hadi mita 1, mwanga unaomfikia anayepigwa picha huongezeka takriban mara 4, kwa hiyo nguvu ya flashi hupunguzwa, na kingo za vivuli hulainika. Ngozi nyeusi, ambayo awali niliimulika hadi ikameremeta kama iliyopakwa mafuta, sasa inaonyesha umbo halisi la uso. Wavaaji wa miwani bado wananishinda, ingawa mkufunzi alinielekeza niinue taa hadi mwako utoke kwenye vioo.