Kondoo wenye mimba: watembee au wakae bandani?

MamaPendo_Njoro: Habari zenu wafugaji. Dorper wangu wanane wana mimba inayokaribia miezi minne. Kutwa wanakula na kulala bandani, wamenona hadi uti wa mgongo huupati kwa vidole. Jirani anasema nikiwatoa wataharibu mimba. Mimi nahofia watazaa kwa shida. Mnanishaurije?

Mfugaji_Narok: Mama Pendo, watoe! Huku kwetu kondoo hufuata majani tangu asubuhi hadi jioni, na wenye mimba wamo. Kama huna malisho, weka maji upande mmoja wa uwanja na hori upande wa pili, watatembea wenyewe. Kinachoharibu mimba ni kukimbizwa na mbwa, kupigwa, au kubanana langoni. Basi waache waende kwa mwendo wao, nawe uwatazame. Anayebaki nyuma kila siku, anayesaga meno, anayekataa pumba au kusimama kichwa ukutani kama haoni, huyo usimtembeze hata kidogo. Mara nyingi ana pacha. Watoto wanadai sukari, naye anayeyusha mafuta yake mpaka damu inachafuka. Hasa hao walionona. Mwite daktari siku hiyo hiyo.

Daktari_wa_Mifugo: Amesema kweli. Naongeza: usije ukawakatia chakula ghafla ili wapungue, utawaletea ugonjwa huo huo. Mimba ni siku 147 hivi, na karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto huongezeka wiki sita za mwisho. Tumbo limebanwa, kwa hiyo wape nyasi nzuri na nafaka kidogo kidogo, mara mbili kwa siku. Chanjo ya sumu ya utumbo wapate wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, kinga ipite kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza.

Mtoto akizaliwa, paka kitovu ayodini, na ahakikishwe amenyonya ndani ya saa mbili. Mtie kidole safi mdomoni: ukihisi ubaridi, yuko hatarini. Mpashe joto; akishaweza kumeza, mpe dang'a, kama mililita 200 kwa mtoto wa kilo nne.

MamaPendo_Njoro: Asanteni sana, Mungu awabariki. Hori nimeshalihamishia chini ya mkaratusi. Daktari, yule mwenye tumbo kubwa kuliko wote hajagusa pumba tangu jana jioni. Nampigia daktari wa hapa sasa hivi. Akichelewa, nimnyweshe molasi?

Daktari_wa_Mifugo: Ndiyo, iliyochanganywa na maji ya vuguvugu, polepole, kichwa kisiinuliwe juu sana. Lakini asikose kuja leo.