Mrejesho: gego langu lenye usaha

Wapendwa, niliwauliza kama gego langu lenye usaha ni lazima ling'olewe au antibayotiki peke yake zingetosha. Nawashukuru sana mlionisukuma niende kwa daktari wa meno, maana nilishamaliza dozi nzima, maumivu yakatulia siku chache, kisha shavu likavimba upya. Daktari alinieleza sababu: kiini cha jino kikishakufa, damu haifiki tena humo ndani, kwa hiyo dawa nayo haifiki, na bakteria wanabaki kwenye mizizi. Akaniuliza pia kama napata shida kumeza au kupumua, kwani hiyo ingekuwa dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Eksirei ilionyesha mfupa bado umelishika jino vizuri, ndipo akanipa uchaguzi: kung'oa, au kusafisha mizizi na kuiziba. Nikachagua kusafisha. Ganzi ilisumbua kushika kwa sababu ya uvimbe, hapo niliumia kweli, lakini usaha ulipotoka tu nikapata nafuu. Mara ya pili mizizi ikazibwa. Imebaki kuvisha jino kofia, lisije likapasuka.