Mjadala: Bibi aliyekuwa suria, kwenye shajara ya ukoo tumwandike "mke"?

Ndugu zangu, salaam. Nahitaji mawazo yenu kabla ya Jumapili.

Majuzi tulikuwa Magomeni kwenye arobaini ya mzee wetu. Baada ya hitima tukakaa barazani na daftari kubwa, tukaanza kuchora shajara ya ukoo. Tulipofika kwa bibi mzaa babu yake marehemu, nikaandika "suria", yaani mjakazi ambaye bwana wake analala naye bila ndoa. Shangazi akaninyang'anya kalamu, akalikata neno lile mpaka karatasi ikachanika, juu yake akaandika "mke". "Mwanangu, usituvue nguo mbele za watu."

Wajomba wakamuunga mkono, na hoja yao si ya kupuuza. Kwa sheria ya dini, mtoto wa suria, baba akimkubali, amezaliwa huru na anarithi sawasawa na wa mke. Mama naye hauzwi tena, na bwana akifa yuko huru. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Virginia, kule Marekani, sheria ya 1662 ilisema mtoto anafuata hali ya mama, kwa hiyo bwana akizaa na mjakazi wake, damu yake mwenyewe inakuwa mali yake. Mjomba mmoja akasema, "Sisi hatukuwa hivyo."

Sawa. Lakini hapo penye "baba akimkubali" ndipo ninapokwama. Akimkana je? Basi mtoto ni mzalia, mtumwa kama mama yake, anachota maji katika nyumba ambayo ndugu zake wa baba mmoja wanaitwa mabwana. Uhuru wake ulikuwa kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Na hilo neno "mke" limeshatumika vibaya. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alipofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, masuria waliachwa nje, ikasemwa wahesabiwe kama wake. Suria aliyetaka kuondoka ilibidi adai kuwa anafanyiwa ukatili. Hali hiyo ilidumu mpaka 1909. Watumwa wenzake wote waliruhusiwa kudai uhuru, yeye akabaki ndani kwa sababu ati ni mke. Huku Bara, Wajerumani waliamua watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru. Mama zao wakaendelea kuwa watumwa, na utumwa haukufutwa mpaka 1922, chini ya Waingereza.

Mke huposwa, huulizwa, hutolewa mahari. Bibi yetu nani alimuuliza? Hata jina tulilonalo ni alilopewa na bwana. La kwao hakuna alijuaye.

Simdharau shangazi. Ameishi na hofu ya kuitwa mjukuu wa mtumwa, na mjini hapa neno hilo bado linavunja posa. Ila aibu ile ni ya aliyemnunua bibi, kwa nini aibebe shangazi?

Daftari liko kwangu, karatasi nimeibandika gundi. Nyinyi mliopitia haya, kwenye shajara zenu mmeandika nini, na wazee mliwaambiaje?